Mnara Twausikia, Lakini Je, Nao Watusikia?

Wapo waaminio kwamba mambo ya mitambo ya simu ni ya wahandisi peke yao, na kwamba mwalimu na mwanafunzi hawana la kusema ndani yake ila kulipa na kusubiri. Rai hiyo siiungi mkono. Tangu kazi za shule, hesabu za kura na rekodi za zahanati zianze kutumwa kwa mawimbi ya simu, suala la nani aruhusiwe kutuma, lini, na kwa kiasi gani, limekuwa suala la haki sawasawa na lilivyo suala la ufundi. Na mahali pafaapo kulichunguza suala hilo si Nairobi, bali pembezoni, kama vile katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako mara nyingi mnara uko mbali na ziwa liko karibu.

Kwanza tubainishe mambo. Data ya simu ina njia mbili. Ya kwanza ni ya kushuka, yaani kutoka mnarani hadi mkononi mwetu: tunaposoma habari, tunapotazama video, au tunapopakua kitabu. Ya pili ni ya kupanda, yaani kutoka mkononi hadi mnarani: tunapotuma picha, tunapojaza fomu, au tunapopakia alama za wanafunzi. Njia hizi mbili hazilingani hata kidogo, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Mnara huwa na umeme wake na antena zilizoinuliwa juu, na aghalabu hurusha mawimbi kwa nguvu ya wati 20, 40 au zaidi. Simu ya mkononi inayotumia mtandao wa 4G hutoa wati 0.2 tu, yaani sehemu moja ya tano ya wati. Haiwezi kutoa zaidi, kwa sababu betri ni ndogo na mwili wa mtumiaji uko karibu. Kwa hivyo mnara husikika mbali kuliko uwezavyo kusikia. Ile mistari midogo tuionayo juu ya kioo cha simu hupima jinsi sisi tunavyousikia mnara. Haitwambii mnara unatusikia vipi. Mtu aweza kusimama ufuoni Karungu, akaona mistari mitatu, akapakua gazeti lote bila taabu, kisha akashindwa kutuma picha moja. Simu haijaharibika, wala yeye si mjinga wa kuitumia. Ni kwamba yeye anasikia, lakini hasikiki.

Tofauti ya nguvu siyo tatizo pekee. Katika njia ya kushuka, msemaji ni mmoja, naye ni mnara, ambao waijua vyema foleni ya mambo unayotaka kuyasema. Katika njia ya kupanda, wasemaji ni mamia, kila mmoja na simu yake, na hakuna ajuaye mwenziwe ana nini. Mwalimu yeyote aijua hali hii. Mwalimu akizungumza, darasa zima lasikia. Lakini wanafunzi 60 wakitaka kujibu kwa pamoja, hapasikiki lolote ila kelele. Kwa hivyo twawafunza kunyoosha mikono, na mwalimu huchagua. Minara nayo hufanya vivyo hivyo. Simu hunyoosha mkono, mnara hutoa zamu, na asiyepewa zamu hunyamaza.

Jinsi ya kugawa zamu hizo imebadilika kwa vipindi. Katika mtandao wa kale wa data, ule wa GPRS uliotangulia 3G, mnara ulitangaza, kila baada ya milisekunde 20, nambari kati ya 0 na 7. Simu iliyokabidhiwa nambari hiyo ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kutuma pakiti zake katika nafasi iliyofuata. Ulikuwa mfano wa mwalimu aitaye majina moja kwa moja kutoka daftarini. Mambo yalikuwa ya polepole, lakini yalieleweka.

Ulipokuja mtandao wa 3G, ambao Safaricom iliuzindua nchini mwaka 2008, wahandisi walikabiliwa na shida mpya. Katika 3G simu nyingi hutuma kwa wakati mmoja na katika masafa yale yale, kila moja kwa msimbo wake. Kinachogawiwa hapo si dakika bali kelele. Anayepaza sauti huwafunika wenziwe. Hapo awali uamuzi wa nani aongeze sauti ulifanywa na mtambo ulioko mbali, unaosimamia minara mingi kwa pamoja, na majibu yake yalichelewa. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, viwango vya kimataifa vikaurudisha uamuzi huo mnarani penyewe ili utolewe kwa haraka. Naweza kusema kwamba wahandisi walifanya ugatuzi wao kabla ya sisi Wakenya kuanza wetu mwaka 2013.

Hata hivyo, 3G ina tabia moja impasayo kila mkazi wa pembezoni kuijua. Watumiaji wakizidi na kelele ikipanda, eneo ambalo mnara waweza kusikia hupungua. Wahandisi husema mnara hupumua: usiku watanuka, mchana wajikunyata. Na ujikunyatapo, wanaoachwa nje si wale walio sokoni chini ya mnara, bali wale walio mwisho wa eneo lake, nyuma ya mlima au ng'ambo ya maji. Hivyo basi siku ambayo kila mtu ana haja ya kutuma ndiyo siku ambayo mtu wa mbali huzimika kwanza.

Katika 4G, iliyoanza nchini Desemba 2014, nafasi hugawiwa upya kila milisekunde moja. Simu huomba ruhusa. Mnara huipa nafasi ndogo. Simu hueleza ina mzigo kiasi gani na imebakiwa na nguvu kiasi gani. Mnara huipa nafasi ya pili inayolingana na maelezo hayo. Yote haya hutendeka kabla jicho halijapepesa. Lakini kila ombi na kila jibu vyahitaji kusikika. Ombi la simu iliyo mbali likipotea njiani, ni sharti lirudiwe, na huku mkono umenyooshwa, wengine wanazungumza.

Sasa tujiulize: mnara huchagua kwa kigezo gani? Kuna njia tatu mashuhuri, nazo zafanana na walimu watatu. Mwalimu wa kwanza humchagua kila mara yule ajibuye upesi. Kwa njia hiyo darasa lake hutoa majibu mengi kwa saa, lakini wale walio nyuma hawasemi kamwe. Mwalimu wa pili humpa kila mwanafunzi muda sawa, hata kama mmoja ajibu kwa sekunde tano na mwingine kwa dakika nzima. Mwalimu wa tatu humtazama kila mmoja kwa kumlinganisha na mwenendo wake mwenyewe. Akiona kwamba leo mnyonge yuko katika hali nzuri kuliko kawaida yake, na kwamba muda mrefu hajapata nafasi, humwita. Njia hii ya tatu, au nyingine za jamii yake, ndiyo itumikayo sana. Ni njia ya busara. Lakini yahakikisha tu kwamba mnyonge hatasahauliwa kabisa. Haihakikishi kwamba atamaliza kusema kabla kengele haijalia.

Na kengele hiyo sasa imo katika kazi zetu za kila siku. Chini ya mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kote nchini mwaka 2019, walimu hutakiwa kupakia alama za tathmini ya shuleni katika mfumo wa Baraza la Kitaifa la Mitihani. Alama hizo si mchezo. Katika tathmini ya gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza Novemba 2022, asilimia 60 ya matokeo ilipangwa kutokana na kazi ya shuleni ya gredi ya 4, 5 na 6. Katika tathmini ya gredi ya 9, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 20 hutokana na tathmini ya shuleni ya gredi ya 7 na ya 8. Aidha, mwaka 2017 usajili wa wanafunzi ulianza kufanywa kupitia mfumo wa NEMIS, na fedha za serikali kwa kila mwanafunzi zikafungamanishwa na usajili huo. Kwa ufupi, tumeuhamisha uzito wa shule kutoka makaratasi hadi kwenye njia ya kupanda, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote katika mtandao mzima.

Tutazame ramani. Miji ya Rongo, Awendo na Migori imepangana kando ya barabara kuu iendayo Isebania. Biashara hufuata barabara, na minara hufuata biashara. Lakini ondoka barabarani uelekee magharibi, uingie Nyatike kupitia Macalder hadi Muhuru kwenye mpaka wa Tanzania. Huko simu yako hujikuta ikipokea mawimbi ya minara ya nchi jirani kwa nguvu kuliko ya kwetu. Katika Homa Bay kuna milima ya Gwassi na Ruri izuiayo mawimbi, kuna bonde la Lambwe, na kuna visiwa vya Mfangano, Remba na Ringiti. Shule zipo katika sehemu hizi zote. Mtoto wa Mfangano hufanya tathmini ile ile ifanywayo na mtoto wa Kilimani, na mwalimu wake hupewa tarehe ile ile ya mwisho.

Ziwa lenyewe lina somo lake. Maji hayana vilima, na mawimbi ya simu husafiri juu yake mbali sana. Lakini mtandao wa 2G una mpaka wa kilomita 35 hivi kutoka mnarani. Sababu yake ni kwamba simu iliyo mbali mno, hata ikisikika, sauti yake hufika baada ya zamu yake kwisha na kuingilia zamu ya jirani. Mnara huweza kuiambia simu ianze mapema kidogo, kwa hatua 63, kila hatua ikiwa karibu mita 550, na baada ya hapo hauna la kufanya. Hapo umbali umegeuka kuwa uchelewaji, na uchelewaji umegeuka kuwa kutengwa. Naona mfano huo wafaa kuzingatiwa na kila anayepanga tarehe za mwisho.

Namfahamu mwalimu mmoja wa shule ya kandokando ya ziwa ambaye, siku za mwisho za kutuma kumbukumbu za shule, huamka saa tisa za usiku na kupanda kilima akiwa na tochi. Hakuna aliyemfundisha nadharia ya mitandao. Amejifunza kwa uchovu kwamba saa hizo kazi ya dakika nne humalizika kwa dakika nne, ilhali saa nne za asubuhi huchukua nusu siku na hatimaye ukurasa hujifuta. Katika maisha ya mwalimu huyu mnara haujakosekana. Kilichokosekana ni zamu.

Wanafunzi wa hisabati na wafanye hesabu ifuatayo. Tuchukulie kwamba shule yatakiwa kutuma picha za kazi za wanafunzi 60, kila picha ikiwa na kilobaiti 500. Jumla ni kilobaiti 30,000, ambazo ni kilobiti 240,000. Ikiwa mahali hapo njia ya kupanda yapitisha kilobiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo yahitaji sekunde 2,400, yaani dakika 40, endapo shule hiyo iko peke yake. Shule kumi zikigawana kasi hiyo hiyo kwa usawa, kila moja yahitaji saa 6 na dakika 40, bila kukatika hata mara moja. Sasa badala ya picha, tuchukue nambari ya kila mwanafunzi na alama zake, tuseme herufi 20 kwa kila mmoja. Jumla ni herufi 1,200, yaani biti 9,600, na njia ile ile yazipitisha kwa chini ya sekunde moja. Mnara ni ule ule na simu ni ile ile. Tofauti ni aliyeketi ofisini akaamua shule itume nini.

Hii ndiyo sababu M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilienea hadi vijiji visivyowahi kuona intaneti. Wabunifu wake hawakungoja mtandao wa kasi. Waliupakia muamala wa fedha katika ujumbe mdogo, ule wa herufi 160, upitao hata pale ambapo picha haiwezi kupita. Mvuvi wa omena huko Remba hulipwa kwa simu kwa sababu mtu fulani aliketi akafikiria uzito wa mzigo kabla ya kuupandisha. Je, mbona fikira hiyo haikuingia katika mifumo ya elimu?

Athari za kupuuza jambo hili zilionekana kitaifa mwaka 2017. Siku mbili kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vya kupigia kura havikuwa katika maeneo yenye mtandao wa 3G au 4G, na kwamba wasimamizi wake wangelazimika kusafiri hadi mahali penye mtandao ili watume matokeo. Kumbukeni kwamba takwimu za kura ni tarakimu chache, lakini sheria na taratibu zilitaka pia picha ya Fomu 34A. Picha ya kilobaiti 500 ni sawa na jumbe fupi zaidi ya 3,500. Takwimu zilifika upesi, na picha nyingi zikachelewa. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu, kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa urais. Sisemi kwamba udhaifu wa mtandao ndio uliobatilisha uchaguzi. Hoja zilikuwa nyingi, na tume ililaumiwa kwa mambo mengine mazito. Nasema kwamba taifa zima liliona siku hiyo jinsi imani ya umma iwezavyo kuning'inia katika pakiti ambazo hazijapanda. Mwaka 2022 tume ilijipanga mapema zaidi, ikapeleka mitambo ya satelaiti katika maeneo yasiyo na mtandao, na picha za fomu zikawekwa hadharani kila raia azione. Kumbe yawezekana, pakiwa na nia.

Watetezi wa hali iliyopo wana hoja zao, na ni haki kuzisikiliza. Hoja ya kwanza ni kwamba nchi imeshafunikwa. Ripoti rasmi zaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya waishi mahali pafikiwapo na mtandao wa data. Sina sababu ya kuitilia shaka takwimu hiyo. Lakini kufikiwa ni neno la upande mmoja. Mtu aliyefikiwa na sauti ya mnara bado hajathibitishwa kwamba sauti yake yafika. Tunapohesabu watu waliofunikwa, tunahesabu wasikilizaji, ilhali mwalimu mwenye alama na msimamizi mwenye fomu ni wasemaji.

Hoja ya pili ni ya wahandisi wenyewe, nayo ni nzito zaidi. Wasema kwamba simu iliyo mbali hutumia nafasi nyingi kwa kazi ndogo, kwa kuwa hulazimika kutuma polepole na kurudia. Ukimpendelea huyo, unawapunguzia wengine kumi walio karibu. Hili ni kweli. Wala mimi sitaki data ya serikali ipewe kipaumbele mnarani kuliko ya raia. Mama wa Mfangano anayempigia mkunga usiku asingojeshwe ili fomu ya wizara ipite. Ninalotaka ni kwamba mzigo upunguzwe kabla ya kufika mnarani, na kwamba wote wasilazimishwe kunyoosha mkono katika saa ile ile.

Hoja ya tatu ni kwamba teknolojia mpya italimaliza jambo hili. Tumeisikia hapo awali. Julai 2020, wakati shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, puto za Loon zilianza kutoa huduma nchini kwa ushirikiano na Telkom Kenya, na eneo lake liligusa sehemu za magharibi mwa nchi. Kipimo kimoja kilichotangazwa kilionyesha kasi ya kushuka ya megabiti 18.9 kwa sekunde, na ya kupanda megabiti 4.74, yaani robo tu. Hata angani, njia ya kupanda ilikuwa nyembamba. Kufikia Machi 2021 huduma hiyo ilikuwa imekoma. Kisha ikaja Starlink Julai 2023, nayo ni msaada mkubwa kwa shule iwezayo kununua mtambo na yenye umeme wa kuuendesha. Lakini mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni hiyo ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya wa Nairobi na kaunti za jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Satelaiti nayo ina zamu zake. Hakuna mtambo utakaotuondolea wajibu wa kugawana kwa haki kitu kisichotosha.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

Kwanza, kila taasisi ya umma itakayo data kutoka shuleni igawe tarehe zake kwa zamu. Kaunti 47 zisipewe usiku mmoja wa mwisho. Wiki moja iwe ya Migori, Homa Bay na jirani zao, wiki ya pili iwe ya kaunti nyingine, na siku za ziada ziwekewe shule za visiwani na mpakani kwa kanuni iliyoandikwa, bila kungoja kilio ndipo muda uongezwe. Ikiwa mnara waweza kupanga zamu mara 1,000 kwa sekunde, ofisi yaweza kupanga zamu mara moja kwa mwaka.

Pili, mifumo iundwe kwa kumfikiria mtumaji wa mwisho. Mwalimu aweze kujaza alama zote simu ikiwa haina mtandao, zihifadhiwe humo, kisha zitumwe zenyewe mtandao upatikanapo, hata ikiwa ni usiku wa manane yeye akiwa amelala. Likikatika, lisianze upya. Na pale ambapo alama pekee zatosha, pasitakiwe picha.

Tatu, Mamlaka ya Mawasiliano ipime na kutangaza, kwa kila wadi, ubora wa njia ya kupanda katika saa za msongamano na katika mipaka ya eneo la mnara. Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, imekwisha kufanya kazi ya maana, ikiwemo kuunganisha karibu shule 900 za sekondari za umma. Hatua ijayo iongozwe na kipimo hiki kipya: si nani anayesikia tu, bali nani anayesikika. Huenda ramani ya mahitaji ikabadilika, na Nyatike na Suba zikapanda juu katika orodha.

Nne, na hili ni letu sote, somo hili lifundishwe. Mwanafunzi wa fizikia apime, kwa simu ya kawaida, kasi ya kushuka na ya kupanda shuleni kwake, alfajiri, adhuhuri na jioni, aiandike katika daftari kwa muhula mzima. Mwalimu wa hisabati amsaidie kuchora grafu. Mwalimu wa somo la jamii amwulize ni nani anayenufaika na grafu hiyo ilivyo. Shule kumi za Homa Bay na kumi za Migori zikifanya hivyo kwa mwaka mmoja, tutakuwa na ushahidi ambao hakuna ofisi itakayoweza kuupuuza.

Wenzangu walimu, tumezoea kuulaumu mtandao kana kwamba ni hali ya anga, ambayo mtu hana budi kuivumilia tu. Zamu za mnara zilipangwa na watu, na tarehe za mwisho ziliandikwa na watu. Kilichopangwa na watu hupangwa upya na watu. Sisi tujuao vyema kwamba mtoto wa dawati la nyuma hanyamazi kwa kukosa jibu, bali kwa kukosa kuitwa, ndio wa kwanza kupaswa kulisema jambo hili. Na tuliandike kwa karatasi pia, tulipeleke kwa mkono katika ofisi za kaunti, ili lisije likapotea njiani likipanda.